SOMO LA TISA: MTO RUVU UNAPOPUNGUA MAJI

Mto Ruvu unaanzia katika milima ya Uluguru. Unapita karibu na Mlandizi, Kibaha, na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Watu wa Kibaha na Dar es Salaam wanatumia maji yake. Mwaka 2021 na 2022 mvua za vuli zilichelewa. Mto ukapungua. Maji ya bomba yakatolewa kwa mgawo.

Ni nani wa kulaumiwa? Wako wanaosema ni wachoma mkaa. Wako wanaosema ni kudra ya Mungu, hakuna la kufanya. Tufikiri pamoja.

Ukame ulikuwako tangu zamani. Lakini tukitazama miaka mingi, tunaona dunia inazidi kupata joto, na majira yanabadilika. Hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi.

Sababu yake kubwa ni kuchoma makaa ya mawe na mafuta katika viwanda, magari na mitambo ya umeme. Hapo hutoka hewa ya ukaa. Hatuioni kwa macho. Inaifunika dunia kama blanketi, joto lisitoke. Sehemu kubwa ya hewa hiyo imetoka katika nchi tajiri. Mchoma mkaa wa Kibaha hakuanzisha jambo hili.

Hata hivyo, tanuri lake lina madhara. Miti ikiisha, mvua hupiga ardhi tupu. Maji hukimbia, hayazami. Udongo mzuri huchukuliwa. Msitu wa Ruvu Kusini, ulioko Kibaha na Kisarawe, umeharibiwa sana kwa mkaa.

Lakini mchoma mkaa naye anatafuta unga na sare za watoto. Na mkaa wake unapikia watu mjini. Kumfukuza tu hakutoshi.

Tufanye nini? Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Wanakijiji wakutane. Wakubaliane mahali pasipokatwa kabisa, mahali pa kukata kwa zamu, na matumizi ya mapato. Wachoma mkaa nao waitwe mkutanoni. Nchi tajiri nazo zidaiwe kupunguza hewa yao chafu. Anayejua sababu ya jambo anaweza kudai haki yake.

MASWALI
1. Hewa ya ukaa inaletaje joto?
2. Kwa nini kumfukuza mchoma mkaa hakutoshi?
3. Jadilianeni: kijiji chenu kitenge msitu upi?