«Obasan» si «shangazi»: kuhusu mwanamke mmoja katika Hotaru no haka

Watazamaji wa Hotaru no haka, filamu tunayoijua zaidi kwa jina la Kifaransa Le Tombeau des lucioles, husema mambo mawili inapokwisha: kwamba wamelia, na kwamba yule mama aliyewapokea watoto ni mtu mbaya. Machozi tuyaache. Hilo la pili ndilo linalotuhusu, kwa kuwa hukumu hiyo inategemea neno moja, na neno hilo limepita katika tafsiri kabla ya kutufikia.

Kisa tukikumbushe kwa ufupi. Filamu ilitengenezwa na Takahata Isao katika studio Ghibli, ikatoka mwezi Aprili 1988. Inafuata hadithi ya Nosaka Akiyuki ya mwaka 1967. Ni mwaka 1945, ndege za Marekani zinauchoma moto mji wa Kobe. Seita, kijana wa miaka 14, na mdogo wake Setsuko, wa miaka 4, wanampoteza mama. Baba yao ni afisa wa jeshi la majini, na habari zake hazifiki. Wanakwenda kukaa kwa jamaa. Chakula kinapungua, maneno yanazidi, na Seita anamchukua mdogo wake wakaishi katika pango kando ya maji. Setsuko anakufa kwa njaa. Seita naye anakufa mwezi Septemba katika kituo cha treni cha Sannomiya. Hatujaharibu utamu kwa asiyeitazama, maana filamu yenyewe inaanza na kifo hicho.

Sasa, huyo jamaa ni nani? Hatajwi kwa jina. Watoto humwita obasan. Kwa Kijapani neno hilo ni la dada wa mama, la dada wa baba, la mke wa mjomba, na pia la mwanamke yeyote wa umri wa mama mzazi, hata muuza mboga. Maandishi hutofautisha: kuna namna ya kumwandika aliyemzidi mzazi umri, namna ya aliye mdogo kuliko mzazi, na namna ya tatu kwa asiye ndugu. Masikioni tofauti hizo hupotea, na filamu ni kitu cha kusikiwa. Katika hadithi ya Nosaka ukoo wake na watoto ni wa mbali sana, wa kupitia ndoa ya binamu.

Kifaransa kikisema «tante», bado mlango uko wazi kidogo. Kiswahili ndicho kinachoufunga. Ukisema shangazi, umeshasema kwamba watoto hawa ni damu ya kaka yake, na kwamba nyumba yake ni yao. Ukisema mama mdogo, umemfanya kuwa mama. Kwa vyovyote, mashtaka yameandikwa kabla hajafungua mdomo. Nadhani sehemu kubwa ya hasira tunayomwekea mwanamke huyu inatoka hapo, katika neno tulilompa, wala si katika picha.

Picha zenyewe zinasema nini? Anawapokea. Anazichukua kimono za marehemu na kuzibadilisha kwa mchele, na sehemu ya mchele huo inaliwa na watu wake. Wali mzito anawapa binti yake na mpangaji, kwa kuwa wao wanakwenda kazini. Seita na Setsuko wanapata uji mwepesi. Kilio cha mtoto usiku kinamkera, naye hafichi. Hayo yote ni kweli, na ni machungu. Lakini hakuna mahali anaposema: ondokeni. Seita ndiye anayenunua mbabula yake, anayepika pembeni, na mwishowe anayeondoka. Mama yao ameacha yeni 7.000 benki. Baadaye mkulima mmoja anamshauri arudi akaombe radhi, hafanyi hivyo.

Takahata, aliyenusurika mwenyewe kwenye mabomu ya Okayama akiwa na miaka 9, alikataa mara nyingi filamu yake iitwe filamu ya kupinga vita. Aliwafikiria vijana wa miaka ya 1980, wanaojitenga mara tu kuishi na wengine kunapokuwa kugumu. Picha ya mwisho inamuunga mkono: mizimu ya watoto wawili imekaa juu ya kilima, na chini yao Kobe ya leo inawaka taa. Hata hivyo neno la mtengenezaji haliwezi kutufunga. Nani aliyeweka kanuni kwamba asiyefanya kazi kwa ajili ya taifa asile vizuri? Si huyu mama aliyeitunga. Ni vita iliyoingia jikoni mwake, na filamu inaionyesha ikigawa wali kwa kijiko.

Hapo mtazamaji wa Goma au Bukavu anaona jambo ambalo wa Paris anaweza kulipita. Familia nyingi za Mashariki zimewahi kupokea wakimbizi chumbani mwao, chungu kikibaki kilekile. Aliyekuwa mtoto mgeni katika nyumba hiyo atamlaumu mama. Aliyekuwa akisonga bugali kwa watu kumi na wanne atanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Sioni kwamba mmoja wao amekosea, ilimradi kila mmoja aonyeshe ni picha ipi anaisemea.

Tujaribu basi kuandika manukuu ya Kiswahili. «Mama» ndilo neno la heshima kwa mwanamke yeyote wa umri huo, lakini hapa haliwezekani: mama wa watoto amekufa, na Setsuko bado hajaambiwa. Lingeleta mkanganyiko wa kikatili. «Bibi» linamzeesha. Linabaki neno la mitaani mwetu, «tantine», ambalo mtoto wa Lubumbashi humwita nalo ndugu wa kweli, jirani, na mwuza maandazi, bila kuahidi wala kudai lolote. Msahihishaji wa Kiswahili sanifu atalipigia mstari mwekundu. Lakini ndilo linalomwacha mwanamke huyu pale filamu ilipomweka, kati ya ndugu na mgeni, akiwa na chungu kimoja na midomo mingi.