Ufahamu: Bundi Alipaye Karo

Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali.

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kuwa mlio wa bundi ni mkosi. Akitua juu ya paa, hufukuzwa kwa mawe. Hata hivyo, watalii hutoka ng'ambo hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, ili kumwona bundi wa Sokoke. Ndege huyu mdogo, wa sentimita 17 hivi, hupatikana katika misitu michache tu ya Kenya na Tanzania. Miti ikikatwa, hukosa makao.

Tangu 2001, mradi wa ASSETS hutumia pesa zitokanazo na utalii kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari wanaoishi kando ya msitu. Mzazi ambaye mwanawe husomeshwa na msitu ana sababu ya kuulinda.

Maswali
1. Kwa nini bundi huyu yumo hatarini? (alama 2)
2. Eleza jinsi mtalii anavyochangia kumhifadhi. (alama 3)
3. Eleza maana ya "mkosi". (alama 1)

Dokezo: Katika swali la 2, onyesha mfuatano: pesa za mtalii, karo, mzazi, msitu. Ukitaja "utalii" pekee, utapoteza alama.