Daftari la Shamba Katika Kompyuta: Namna ya Kuandika Namba na Tarehe

Mkulima mwema huandika kazi zake. Huandika siku aliyopanda, mbolea aliyotia, dawa aliyopiga, kilo alizovuna na fedha alizopata. Zamani kazi hii ilifanywa katika daftari la karatasi tu. Siku hizi wakulima wengi hutumia pia simu au kompyuta, ambamo mna jedwali la hesabu liitwalo lahajedwali, kama vile Excel. Jedwali hili hujumlisha upesi sana, lakini halijui shamba lako. Ukiliandikia vibaya litakupa jibu la uongo, na mara nyingi halitakuonya.

SELI NA MUUNDO WAKE

Lahajedwali limegawanyika katika vijumba vidogo viitwavyo seli. Safu za kushuka chini zina herufi A, B, C. Mistari ya kwenda kando ina namba 1, 2, 3. Basi seli iliyo katika safu ya C na mstari wa 2 huitwa C2.

Kila seli ina mambo mawili: kitu kilichomo ndani, na sura yake inayoonekana kwa nje. Sura hiyo ndiyo muundo. Muundo ni kama gunia. Ukiyatoa mahindi katika gunia la katani ukayatia katika gunia la nailoni, kilo ni zile zile. Katika Excel ya kompyuta, chagua seli unazotaka, kisha bonyeza Ctrl na 1 kwa pamoja. Utaona orodha ya miundo: ya namba, ya fedha, ya tarehe, ya maandishi na mingineyo.

NAMBA

Tuseme umeuza mahindi mara tatu: kilo 180, kilo 270 na kilo 90. Jumla ni kilo 540. Lakini kama katika seli ya pili uliandika "kilo 270", lahajedwali litaona kuwa hayo ni maneno, si namba. Ukiandika =SUM(C2:C4) utapata 270, yaani 180 na 90 tu. Nusu ya mauzo yako imepotea, nawe utadhani umeibiwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Andika neno "Kilo" mara moja tu, katika kichwa cha safu. Chini yake andika namba tupu. Fedha ni vivyo hivyo: andika 45000, usiandike 45,000/=. Mkato wa maelfu na alama ya shilingi utavitia baadaye kwa muundo.

Iko njia nyepesi ya kukagua. Kwa kawaida namba na tarehe hukaa upande wa kulia wa seli, na maneno hukaa kushoto. Ukiona namba imekaa kushoto, ichunguze. Kubadili muundo peke yake hakutaiponya: ifute, chagua muundo wa namba, kisha uiandike upya.

Namba ya simu ni jambo jingine, maana haijumlishwi. Chagua muundo wa maandishi kwanza, ndipo uiandike. La sivyo, sifuri ya mbele itapotea.

Usidanganywe na desimali. Kama una vipande viwili vya shamba, kila kimoja ekari 1.4, na muundo wako hauonyeshi desimali, utaona 1 na 1, na jumla 3! Hesabu si mbovu: ndani ni 2.8. Ongeza desimali moja, utaona ukweli. Na Excel ikikuonyesha #####, usifute kitu. Mara nyingi safu ni nyembamba tu, ipanue.

TAREHE

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Ndani ya Excel tarehe ni hesabu ya siku. Siku ya 1 ni 1 Januari 1900, na 1 Januari 2025 ni siku ya 45658. Kwa sababu hiyo unaweza kutoa tarehe moja katika nyingine ukapata siku zilizopita. Ukiona namba kama hiyo mahali pa tarehe, chagua muundo wa tarehe.

Sisi tukiandika 4/5/2025 tuna maana ya tarehe 4 Mei. Lakini mashine nyingine zimepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mashine hiyo husoma 5 Aprili.

Tuseme ulipiga dawa nyanya zako tarehe 4 Mei, na kibandiko cha chupa kinasema ungoje siku 7 kabla ya kuchuma. Tarehe 6 Mei unaandika 6/5/2025 na kuliuliza jedwali ni siku ngapi zimepita. Kweli ni siku 2. Mashine iliyosoma 5 Aprili na 5 Juni itajibu 61. Ukiliamini, utachuma nyanya zenye dawa, na watoto wako watazila.

Basi andika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-05-04. Halafu chagua muundo unaoonyesha jina la mwezi, ili kosa lionekane mara moja. Jaribu pia kuandika 15/5/2025. Ikikaa kushoto, ujue mashine inatafuta mwezi wa 15. Rekebisha mpango wake wa nchi kabla ya kuendelea.

KUMBUKA

1. Kipimo kiwe katika kichwa cha safu. Katika seli iwe namba tupu.
2. Namba iliyokaa kushoto ichunguze.
3. Tarehe ionyeshe jina la mwezi.
4. Kabla ya kuchuma mazao yaliyopigwa dawa, hesabu siku kwa vidole pia. Majibu yasipolingana, usichume mpaka ujue kosa liko wapi.

Ukishindwa, mwendee Bwana Shamba au Bibi Shamba wako ukiwa na simu yako na daftari lako la karatasi.