Ukinzani wa Waya na Taa za Wavuvi wa Liuli

Huko Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, usipa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Zamani ilitumika karabai. Siku hizi hutumika pia taa za betri. Taa ikififia, usipa hutawanyika na kazi ya usiku hupotea bure. Lawama huweza kupewa betri, kumbe kosa ni la waya.

Chukuliwe mfano. Kwenye betri kipimo kinaonyesha volti 12, lakini kwenye taa ni volti 10. Mkondo ni ampea 2. Basi volti 2 zimepotea katika waya. Kwa kanuni aliyoitangaza Georg Ohm wa Ujerumani mwaka 1827:

Ukinzani wa waya = volti ÷ ampea = 2 ÷ 2 = omu 1.

Nguvu = volti × ampea. Betri inatoa 12 × 2 = wati 24; taa inapata 10 × 2 = wati 20. Wati 4 zinageuka joto katika waya.

Sasa taa ya pili inaungwa kwenye waya uleule, na mkondo unafikia ampea 4. Waya unachukua 4 × 1 = volti 4; taa zinabakiwa na volti 8. Nguvu inayopotea ni 4 × 4 = wati 16. Mkondo umeongezeka mara mbili, hasara mara nne!

Dawa yake ni waya mfupi au mnene zaidi.

Zoezi: Waya mnene una ukinzani wa omu 0.25. Mkondo ukiwa ampea 4, wati ngapi zitapotea? (Jibu: wati 4.)