Umbo la Chai na Gharama ya Kiwanda

Kila habari zinapofika vituo vya kununulia majani, kuanzia Litein hadi Mogogosiek, kwamba chai ya othodoksi imeuzwa kwa bei nzuri kuliko CTC, wakulima huuliza: mbona kiwanda chetu kisitengeneze othodoksi pekee? Swali ni la haki, kwa kuwa linagusa bonasi. Jibu limo ndani ya mashine.

Kilo 1 ya chai kavu hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi. Baada ya majani kunyaushwa, njia hutengana. Kwa CTC, roli za chuma zenye meno huyakatakata na kuyafanya punje, bila kusimama. Meno hayo huisha makali na sharti yanolewe, lakini gharama hiyo hugawanywa kwa kilo nyingi. Othodoksi husokotwa polepole, fungu kwa fungu, jani lisikatike. Hutaka majani mawili na chipukizi. Jani lililokomaa halisokoteki vizuri. Kwa hiyo mchumaji hujaza kikapu polepole, na kiwanda nacho hutoa kilo chache kwa saa, huku kuni na mishahara vikiendelea kulipiwa.

Mnunuzi pia ana mkono wake. Mfuko mdogo wa chai unaotumbukizwa kikombeni Uingereza hutaka punje ndogo zinazotoa rangi haraka, kama daraja la PF1. Aliyebuni mfuko huo, kwa kweli, aliamua mashine za Kericho na Bomet.

Chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, ina funzo lake. Majani yake yakichanganywa na ya kawaida, thamani yake hupotea. Lazima yawe na gunia lake, safari yake na zamu yake kiwandani. Mkulima mwenye mistari michache tu, ambaye jirani zake hawakuipanda, hujikuta akiyauza kwa bei ya kawaida.

Ufungaji nao ni hivyo hivyo. Chai nyingi ya Kenya hufika mnada wa Mombasa ikiwa kwenye magunia ya karatasi. Kuitia kwenye mifuko yenye uzi, lebo na boksi huhitaji mashine nyingine na karatasi, zinazolipiwa kabla pakiti ya kwanza haijauzwa.

Kwenye mkutano mkuu wa kiwanda, basi, wenye hisa wakielezwa bei ya chai mpya, waulize pia ni kilo ngapi zitatoka kwa zamu moja, na ni mnunuzi gani amekwisha kukubali kuzichukua.