Maneno Mawili ya Kuahirisha

Mwanafunzi akitumia neno "procrastinate" kueleza kwamba mwalimu mkuu aliahirisha mkutano kwa sababu ya mvua, amemwita mzembe bila kukusudia. Kosa hilo hutokana na kulifasiri neno hilo, pamoja na "postpone", kuwa "ahirisha" tu.

Mwalimu na aanzie kwenye asili yake, yaani Kilatini. "Postpone" ni "post", baada, na "ponere", kuweka: kuweka jambo baadaye, pengine kwa sababu njema. "Procrastinate" lina "cras", kesho, ndani yake: kusukumia kesho jambo lipasalo leo.

Kisha atoe visa viwili: mchezo uliozuiwa na mvua, na mkulima asemaye kila siku atapalilia kesho. Wanafunzi wachague neno na watoe sababu. Asiyeweza kutoa sababu bado hajalielewa neno.