Dondoo muhimu: Nyuzinyuzi katika sahani ya Bunia

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mjini Bunia zinapatikana sokoni, si kwenye kopo la dawa.

• Kula maharagi: kikombe kimoja cha yaliyoiva kina gramu 11 hadi 15 za nyuzinyuzi. Nyuzi zake zinazoyeyuka huwa ute tumboni, zikachelewesha sukari kuingia damuni na kushusha kolesteroli.
• Sombe (majani ya muhogo) na lengalenga zina nyuzi nyingi zisizoyeyuka. Hizo hulainisha choo.
• Twanga sombe, chemsha sana bila kifuniko: mbichi ina sianidi, na haraka ya kuokoa makaa haifai hapa.
• Usichekeche unga wa mahindi hadi uwe mweupe pee. Makapi unayowamwagia kuku ndiyo nyuzi zenyewe.
• Bugali wa muhogo hauna nyuzi nyingi. Punguza tonge, ongeza mboga.
• Kula chungwa na nyama zake, usilikamue.
• Ongeza nyuzi kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, la sivyo tumbo litajaa gesi.
• Kunywa maji ya kutosha, yaliyochemshwa. Nyuzi bila maji hufunga choo.
• Ukiona damu chooni, nenda kituo cha afya.